Kumsomesha Kijana Nyumbani Si Kumweka Nyumbani



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Wapenzi wasomaji, katika ukurasa huu wa malezi aghalabu twazungumza juu ya watoto wadogo: adabu zao, sala zao, na kisomo chao cha mwanzo. Mwezi huu twapenda kusema juu ya kijana aliyekwisha baleghe, au anayekaribia, aliye katika miaka ya sekondari. Wazazi wametuuliza, tena si mara moja wala mbili: je, yafaa kumtoa kijana katika skuli, tukamsomesha wenyewe nyumbani mpaka aufikie mtihani wa kidato cha nne?

Sababu zao si moja. Yuko mwenye mtoto mgonjwa wa selimundu, ambaye kila akikaa darasani wiki mbili maumivu humrudisha kitandani wiki ya tatu. Yuko ambaye skuli iko mbali, na binti yake hutoka kungali giza akapita njia isiyokuwa na watu. Yuko asiyeridhika na mwenendo aliouona huko. Yuko ahamahamaye kwa kazi yake. Na yuko atakaye mwanawe apate wasaa wa kuhifadhi Kurani, wala saa za skuli hazimwachii wasaa huo. Sababu zote hizi twazijua, na hapana hata moja tuionayo ya kuchekwa.

Jawabu letu ni hili: yafaa kwa mwenye kuiweza, na haifai kwa asiyeiweza. Mwenye kuiweza, lakini, si lazima awe tajiri wala msomi mkubwa. Ni yule aliyeshika neno moja, nalo ni kwamba kumsomesha kijana nyumbani ni kitu kimoja, na kumweka kijana nyumbani ni kitu kingine kabisa. Wengi huanza la kwanza wakaangukia la pili bila ya wenyewe kujua siku walipoanguka.

Jambo hili si geni kwetu kama watu wadhanivyo. Mwezi wa Machi mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, skuli za Tanzania zilifungwa, na madarasa mengi hayakufunguliwa mpaka mwisho wa Juni. Jirani zetu wa Kenya walikaa muda mrefu zaidi, na wanafunzi wao wengi hawakurejea mpaka Januari 2021. Katika miezi ile kila nyumba ilitahiniwa. Zilikuwako nyumba ambamo kila asubuhi watoto walikaa mkekani na madaftari yao, na mkubwa mmoja akiwasikiliza. Na zilikuwako nyumba ambamo kitabu kilifunikwa siku skuli ilipofungwa, kikafunuliwa siku ilipofunguliwa. Vitabu vilikuwa vile vile, na watoto ni wa mtaa mmoja. Kilichotofautiana ni kwamba katika nyumba moja palikuwa na mtu mzima aliyeichukua kazi ile kuwa ni yake, na katika nyingine hapakuwa na mtu.

Basi kila mzazi aazimiaye jambo hili twampa maswali matatu, ayajibu kwa ulimi wake mbele ya mkewe au mumewe na mbele ya kijana mwenyewe. La kwanza: ni nani atakayemfundisha, kwa jina lake, somo kwa somo? La pili: ni saa ngapi, na siku gani, ambazo kijana hatatumwa wala kuitwa kwa kazi nyingine? La tatu: atafanya mtihani gani, mwaka gani, na kwa usajili gani? Akiweza kuyajibu yote matatu, na aanze kwa jina la Mwenyezi Mungu. Akishindwa hata na moja, basi ajue kwamba hajamsomesha mtoto nyumbani. Amemtoa skuli tu.

Twasema hivi kwa yale tuliyoyaona. Alikuwako binti mmoja akisoma katika chuo chetu, mwenye akili nyepesi na khati nzuri. Alipokuwa kidato cha pili baba yake alimtoa skuli, na nia yake ilikuwa njema, twamshuhudia kwa hilo. Mwezi wa kwanza alimletea mwalimu wa hisabati, na binti akawa na daftari jipya kwa kila somo. Mwezi wa pili mama yake alijifungua, basi jiko likawa la binti. Mwezi wa nne ujira wa mwalimu ulichelewa, naye akaacha kuja. Hapana aliyesema kwamba masomo yamekwisha. Yalipungua tu, siku baada ya siku, kama maji ya mtungi wenye ufa. Usajili wa mtihani ukapita mwaka ule, na mwaka wa pili ukapita vile vile. Tulipomwuliza baba yake alisema, "Anasoma nyumbani." Tulipomwuliza binti alinyamaza. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, na wenzake aliokaa nao dawati moja walikwisha pata vyeti vyao.

Baba huyu hakumpiga mwanawe wala hakumnyima chakula. Lakini miaka miwili ya ujana wa mtu ni amana, na amana ikipotea kwa kusahaulika imepotea, hata kama aliyepewa hakukusudia kuipoteza. Tena angalieni kwamba ni binti aliyeingia jikoni. Lau angalikuwa mtoto wa kiume angalipelekwa dukani kukaa badala ya baba yake, na wengi twawajua waliopotelea huko, wakahesabu fedha za watu mchana kutwa wasijue kuhesabu hisabati ya mtihani. Kila nyumba ina kazi zake, na kijana aliye mbele ya macho ndiye aitwaye kwanza. Skuli, kwa aibu zake zote, ina mlango ambao mama hawezi kupenya kwa sauti yake. Atakaye kusomesha nyumbani hapana budi ajenge mlango kama huo ndani ya nyumba yake.

Wako watakaosema: mambo haya ya kusomeshana nyumbani ni desturi za wageni. La hasha. Dini yetu imeijua elimu ya nyumbani kabla ya madawati. Bibi Hafsa, mke wa Mtume na binti wa Sayyidna Omar, alifundishwa kuandika na bibi wa Kikureshi aitwaye Ash-Shifaa binti Abdillahi. Na ni katika mikono ya huyu Bibi Hafsa ambamo zilihifadhiwa zile kurasa za Kurani zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar. Tazameni elimu aliyoipata mwanamke kwa mwanamke mwenzake ilivyofika. Katika karne ya kumi na mbili ya miladi, mwanachuoni Alauddin wa Samarkand alimsomesha fiq'hi binti yake Fatima, hata fatwa zilizotoka nyumbani kwao zikawa na khati ya baba na ya binti. Na alipoolewa na mwanafunzi wa baba yake, Sheikh Al-Kasani, zikawa na khati za watu watatu.

Hata kwetu pwani mambo yalikuwa hivyo. Mwana Kupona binti Mshamu, mwaka 1858, alipokuwa mgonjwa, alimwandikia binti yake utendi mzima wa mafunzo. Yaani mama alikuwa mwalimu, na nyumba ilikuwa skuli. Lakini tusijidanganye tukadhani kila nyumba ya zamani ilifundisha sawasawa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886 kwamba wasichana wa jumba lao walifundishwa kusoma tu wala hawakufundishwa kuandika, naye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Yaliyompata baadaye maishani ni hadithi nyingine. Sisi twachukua hili moja: alikuwa binti wa mfalme, ndani ya nyumba yenye kila kitu, na bado ilimlazimu aibe elimu. Kukaa nyumbani hakukumpa elimu; nusu yake aliitafuta mwenyewe gizani.

Sasa natuje katika namna ya kuitenda kazi hii. Hapa sisi walimu wa vyuo tuna la kusema, ijapokuwa elimu yetu ya skuli haikupita msingi. Chuo cha Kurani hakikujua kamwe kusomesha watoto arubaini kwa sauti moja kana kwamba wote ni mtu mmoja. Kila mtoto ana mahali pake: huyu yuko katika alifu, huyu yuko Juzuu Amma, yule amekaribia khitma. Kila mmoja huja mbele ya mwalimu akasoma, akasahihishwa, akarudi kukariri, na kesho huja tena. Hapewi aya mpya mpaka ya jana imekaa. Na mkubwa humfundisha mdogo. Hii ndiyo namna inayofaa nyumbani. Mwalimu wa skuli hawezi kumngoja mtoto mmoja, kwa kuwa ana wengi na muhula una mwisho wake. Wewe waweza kumngoja. Mtoto mgonjwa akikosa siku nne, siku ya tano ataanza palepale alipoachia, wala hakuna darasa lililomtangulia.

Mzazi atasema: "Mimi sijui kemia, wala hizo aljebra, nitamfundishaje?" Ndugu yetu, hukuambiwa ufundishe kila kitu, umeambiwa usimamie. Twamjua mama mmoja, muuza vitumbua, aliyeishia darasa la saba, mwenye mtoto wa kiume mgonjwa wa selimundu. Kijana alifaulu mtihani wa kidato cha pili skulini, kisha maradhi yakamzidi. Mama alipatana na kijana wa chuo kikuu aliyekuwa likizo, kisha na mwalimu wa jirani, wakawa wakija Jumamosi na Jumapili kumfundisha hisabati na sayansi. Siku nyingine kijana alisoma peke yake. Lakini kila usiku, baada ya Isha, mama alikaa akachambua mchele wake na kumwambia, "Haya, nieleze ulichosoma leo." Naye alimweleza. Akibabaika, mama alijua kwamba hakufahamu, akasema, "Kesho kalisome tena hilo." Mama hakujua jawabu, lakini alijua uso wa mtoto wake. Kijana alifanya mtihani wake akapata daraja la tatu. Si matokeo ya kupigiwa ngoma mtaani, lakini ni cheti, nacho kina jina lake.

Ama kuhusu saa, sisi Waislamu tumekwisha pewa ratiba na Mola wetu, nayo ni sala tano. Ipangeni siku juu yake. Baada ya Alfajiri akili ni safi: hapo iwe Kurani, au somo lililo gumu kuliko yote. Toka saa mbili mpaka saa sita iwe masomo ya mtihani, na katika saa hizo nne asitumwe sokoni, wala asiitwe kushika mtoto, wala simu isiwe mkononi mwake ila kwa somo. Saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa ishirini, nazo zatosha mtu mmoja aliyekaa peke yake na kitabu chake. Baada ya Adhuhuri na afanye kazi za nyumbani kama wenzake, kwani kazi pia ni malezi. Baada ya Alasiri na atoke: mpira, matembezi, wenzake, kazi ya mikono. Baada ya Isha aeleze alichosoma, kisha alale. Ratiba ibandikwe ukutani, isomwe na kila mtu wa nyumba, na mgeni ajapo aambiwe: huyu yumo darasani.

Tena kijana si kitoto. Amebaleghe, sala ni juu yake, na saumu ni juu yake, na mwandiko wa amali zake umefunguliwa. Atawezaje kutwishwa hesabu mbele ya Mola wake, kisha asiulizwe shauri katika masomo yake mwenyewe? Nabii Ibrahimu, juu ya amri iliyotoka kwa Mwenyezi Mungu, alimwambia mwanawe habari ya ndoto yake na akamwuliza waonaje. Na Luqmani alipomwusia mwanawe hakutoa amri tupu. Alitoa na sababu. Basi muulizeni kijana, naye awe na neno. Akisema kwamba yeye anataka kubaki skuli, msimchukulie kuwa mkaidi. Sikilizeni sababu yake kabla ya kuamua. Na akikubali kusoma nyumbani, aandike kwa mkono wake masomo yake na mwaka wa mtihani wake, ili ahadi iwe ya pande mbili.

Sasa habari ya mtihani, nayo ndiyo wengi wasiyoijua. Katika Tanzania, mitihani ya sekondari yatungwa na Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na Baraza hilo humpokea mtu asiyekuwa katika skuli kwa jina la mtahiniwa wa kujitegemea. Mtoto aliyemaliza elimu ya msingi bila kupita sekondari hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao watu huuita QT. Akifaulu ndipo hujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne. Mitihani hufanywa mwishoni mwa mwaka, lakini usajili hufunguliwa mapema mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hutozwa faini, kisha mlango hufungwa. Mzazi anayekumbuka usajili wakati wa mavuno amekwisha poteza mwaka. Nendeni katika kituo cha watahiniwa wa kujitegemea kilicho karibu nanyi, mwulize tarehe na ada za mwaka huo, muandike ukutani pamoja na ratiba.

Kuna na mambo mengine matatu ya kujua. La kwanza, mwanafunzi wa skuli huingia katika mtihani wa kidato cha nne akiwa na alama zake za maendeleo alizozikusanya. Wa kujitegemea hana alama hizo, na siku ile ya mtihani ndiyo yote. Kwa hiyo mzoesheni kujibu karatasi nzima kwa saa, peke yake, bila ya kitabu, mara nyingi kabla ya siku yenyewe. La pili, masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo, na vitendo havijifunzi mkekani. Mtafutieni mahali penye maabara, au achague masomo mengine tangu mwanzo. La tatu latuhusu sisi khasa: Elimu ya Dini ya Kiislamu hutahiniwa kidato cha nne, na Kiarabu pia, nasi twafurahi watoto wetu wakiyafanya. Lakini kuingia kidato cha tano hutakiwa alama ya C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu yasiyokuwa ya dini. Mzazi aliyemtoa mwanawe skuli kwa ajili ya dini, akamwachia dini tu, amemfungia mlango wa mbele kwa mkono wake mwenyewe.

Msaada nao upo kwa autafutaye. Iko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyosimama kwa sheria ya mwaka 1975, yenye ofisi mikoani, na ambayo husomesha sekondari kwa njia mbadala wale walio nje ya skuli. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, na kijana mwenye simu aweza kuvisoma bila ya kununua. Baraza la Mitihani nalo hutoa taarifa za namna watahiniwa walivyojibu na walivyokosea, nazo zafaa kuliko vijitabu vingi viuzwavyo stendi. Ila angalieni: mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika kwa awamu tangu mwaka 2024, basi msirithishe vitabu vya kaka yake bila ya kuuliza.

Na sheria je? Kila nchi ina yake, na Mwislamu hutimiza ahadi za mahali akaapo. Kenya, kwa mfano, sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013, inayokusanya na sekondari, yamwajibisha mzazi amwandikishe mtoto skuli na ahakikishe anahudhuria. Msomaji wetu wa huko na aulize ofisi ya elimu ya kaunti yake kabla ya kutenda lolote. Tanzania, sera ya elimu toleo la mwaka 2023 imeazimia elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, ambayo yafika mpaka kidato cha nne. Basi hata kwetu msimwondoe mtoto kimyakimya kama mtu atorokaye deni. Nendeni kwa mwalimu mkuu, semeni sababu, ombeni barua na kumbukumbu za mtoto. Huenda mkasikia huko suluhu msiyoitazamia, kama vile kuhamia skuli ya karibu, au ruhusa kwa siku za ugonjwa. Skuli ambayo mtoto ameiaga vizuri ni rahisi kuirudia.

Tusisahau na gharama. Tangu Januari 2016 sekondari za serikali za Tanzania hazitozi ada kidato cha kwanza mpaka cha nne. Basi asomeshaye nyumbani asidhani anaokoa fedha; mwalimu wa ziada, karatasi, usajili na nauli vyote vyamngoja. Fedha hizo zitengwe kabla, zisitegemee biashara ya mwezi. Yule mwalimu wa hisabati aliyeacha kuja hakuacha kwa ubaya. Naye alikuwa na watoto wa kulisha, na ujira wa mfanya kazi hulipwa kabla ya jasho lake kukauka.

Na kuhusu mwalimu ajaye nyumbani, sheria ya dini yetu iko wazi. Mwalimu wa kiume asikae faragha na binti. Masomo yawe ukumbini, mlango u wazi, na mama au mkubwa mwingine awepo. Na bora zaidi mabinti watatu wanne wa mtaa wasome pamoja, wagawane na ujira. Hapo mtakuwa mmeponya mambo matatu kwa dawa moja: faragha, gharama, na upweke.

Upweke huo msiudharau. Kijana aliyetolewa katika kundi la wenzake akaachwa na kuta nne na simu hakuhifadhiwa na maovu. Amepelekewa maovu yote ya dunia mkononi mwake, na marafiki wema wameondolewa. Na aende chuo, aende msikitini, awe na timu yake, amsomeshe mtoto mdogo wa jirani. Dini yetu ni dini ya jamaa, na sala ya jamaa ina daraja zaidi.

Mwisho twawausia kuwa na shahidi. Chagueni mtu mmoja asiye wa nyumba yenu: mwalimu wa chuo, shangazi, imamu, jirani msomi. Kila mwisho wa muhula aje, amketishe kijana, afungue madaftari, aulize. Mtu huyo apewe na ruhusa ya kusema neno zito: "Jambo hili limewashinda, mrudisheni mtoto skuli." Likisemwa, lisionewe haya. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba watoto waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, na mabinti waliojifungua wakiwa miongoni mwao, wanaruhusiwa kurudi skuli. Mlango uko wazi kwa wote hao. Seuze kwa mtoto aliyetolewa na wazazi wake kwa nia njema!

Enyi vijana mnaosoma ukurasa huu, nasi twawageukia ninyi. Mkiwa mnasomeshwa nyumbani, jueni kwamba hakuna kengele itakayowaamsha wala kiranja atakayeandika majina. Mtaujua wenyewe ukweli wenu saa mbili ya asubuhi, kitabu kikiwa mbele yenu na nyumba imenyamaza. Na mkiona masomo yamepungua na kazi zimezidi, msinyamaze kama alivyonyamaza yule binti. Semeni kwa adabu, mwambieni mama, mwambieni babu, mwambieni mwalimu wenu wa chuo. Kumkumbusha mzazi ahadi yake kwa maneno laini si utovu wa adabu. Ni kumsaidia kutimiza amana.

Mwezi ujao, inshallah, tutaeleza namna ya kumzoesha mtoto kuandika barua na insha, kwani wazazi wengi wameliuliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu vifua vyao, awape elimu yenye kuwafaa, awape wagonjwa wao afya, na atujaalie sisi wazazi na walimu tuwe wenye kutunza tulivyoaminiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.